Siku Mbili Bologna

Safari ambayo marafiki wawili wanaiamua Jumatano na kuondoka Ijumaa haifai kila mji wa Italia. Milano, tiketi za kuutazama mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci huisha wiki nyingi kabla, na kila kundi hupewa dakika 15 tu. Venice nayo, tangu 2024, hutoza ada wageni wa kutwa katika siku zinazotangazwa. Bologna ni afadhali zaidi, kwa sababu uzuri wake mkubwa uko barabarani, na hauhitaji tiketi.

Safari ya namna hii huwezekana kwa aliyekwisha kuwa ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Mtanzania au Mkenya mwenye kibali halali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi huingia Italia bila viza nyingine, mradi abebe kibali na pasipoti. Aishiye Uingereza kwa pasipoti ya kwao lazima aombe viza kwanza. Kwake safari ya ghafla ni ya wakati ambao viza ya kuingia mara kadhaa imo tayari mfukoni.

Kutoka uwanja wa ndege wa Guglielmo Marconi, treni ya reli moja hufika stesheni kuu kwa dakika 7 hivi. Toka hapo hadi uwanja wa Piazza Maggiore ni mwendo wa miguu, na karibu njia yote ina kivuli cha vibaraza vyenye matao.

Vibaraza hivyo ndivyo roho ya mji. Chuo kikuu cha Bologna, ambacho kwa mapokeo kilianza mwaka 1088, kilivuta wanafunzi wengi kuliko nyumba zilizokuwapo. Wenyeji wakatokeza vyumba vya juu hadi juu ya njia na kuvitegemeza kwa nguzo. Mwaka 1288 sheria ya mji iliagiza kila nyumba mpya iwe na kibaraza. Ardhi ni ya mwenye nyumba, lakini kupita ni haki ya kila mtu. Leo vibaraza vyote vina urefu wa kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia. Kirefu kuliko vyote huanzia upande wa lango la Saragozza na kupanda kilimani hadi kanisa la San Luca, karibu kilomita 4, matao 666. Mvua ikinyesha marafiki huendelea na mazungumzo yao bila mwavuli; hakuna matembezi mazuri zaidi mjini.

Minara miwili ya kale hutazamwa kutoka chini. Garisenda, ulioinama sana, ulizungushiwa uzio Oktoba 2023 ili uimarishwe, na kupanda Asinelli, wenye mita 97, kukasimamishwa.

Ndani ya kanisa la San Petronio, mstari uliochorwa sakafuni na mwanaastronomia Cassini mwaka 1655 hupokea mwale wa jua kila adhuhuri yenye jua. Inafaa kufika mapema kidogo.

Chakula cha Bologna ni tagliatelle, tambi pana zenye mchuzi wa nyama ya kusaga. Asiyekula nguruwe aulize kwanza: mchuzi huo mara nyingi huchanganywa na nyama ya nguruwe, soseji ya mortadella ni nguruwe, na tambi za tortellini hujazwa nyama hiyo pia. Tortelloni za jibini laini la ricotta ni mbadala mzuri. Wawili huagiza sahani mbili tofauti wakaonja zote. Kahawa ikinywewa kwa kusimama kaunta kwa kawaida huwa rahisi kuliko mezani.

Muda ukizidi, Modena na Ferrara ziko karibu nusu saa kwa treni. Nauli ya treni za mkoa haipandi hata tiketi ikinunuliwa dakika za mwisho, ila ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda.