Kukoma Hedhi: Swali Lieleweke

Mama anayekoma hedhi huweza kupata joto la ghafla, jasho na kukosa usingizi. Wataalamu wa Ujerumani walitunga kipimo cha dalili 11. Kila dalili hupewa alama 0 hadi 4. Kipimo hicho kimetafsiriwa kwa Kituruki.

Je, kutafsiri neno kwa neno kunatosha? Hata kidogo! Waturuki huliita joto hilo "ateş basması", yaani kuvamiwa na moto. Lakini "ateş" peke yake ni homa pia. Mama akidhani anaulizwa homa, atajibu hana, na shida yake haitaandikwa. Basi akina mama wenyewe waulizwe kwanza wameelewaje.

Swali la unyumba huleta haya. Mama huachiwa karatasi ajaze mwenyewe. Asiyejua kusoma asomewe na mwanamke mwenzake, faraghani.