Kutulia kwa spini katika fulereni

Kutulia kwa spini katika fulereni ni mchakato ambao spini za elektroni za molekuli ya fulereni, zikiwa zimevurugwa na mwanga, hurudia mgawanyo unaolingana na halijoto ya mazingira.

Fulereni

Fulereni ni molekuli za kaboni tupu zenye uwazi ndani. Inayojulikana zaidi ni C60, ambayo atomu zake 60 zimepangwa kama mishono ya mpira wa miguu: pembetano 12 na pembesita 20. Iligunduliwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani. Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1996 kwa ugunduzi huo.

Hali tripleti

Spini huifanya kila elektroni kuwa kama sumaku ndogo mno. Kwa kawaida elektroni hukaa mbilimbili, spini zao zikielekea pande zinazopingana, hivyo usumaku wao hufutana. C60 ikifyonza mwanga, elektroni moja hupanda ngazi ya juu ya nishati. Baada ya takriban nanosekunde moja, spini za elektroni hizo mbili huwa sambamba. Hali hii huitwa tripleti kwa sababu spini sambamba huweza kupangika kwa namna tatu. Karibu kila molekuli ya C60 iliyofyonza mwanga huifikia.

Sababu za kutulia

Mwanzoni molekuli hazigawanyiki ipasavyo katika namna hizo tatu. Muda wa spini kupeana nishati na mazingira huitwa T1; muda wa spini kupoteza mwendo wao wa pamoja huitwa T2.

Chanzo kimoja kikubwa cha kutulia ni umbo la molekuli. C60 ni karibu duara kamili, lakini ikiwa katika hali tripleti hupindika kidogo. Upindo huo huhama kutoka upande mmoja hadi mwingine hata kama molekuli yenyewe haizunguki. Kila unapohama, nguvu ya sumaku kati ya elektroni hizo mbili hubadili mwelekeo na kuzitikisa spini. C70 imerefuka kama mpira wa ragbi hata kabla ya kumulikwa, hivyo upindo wake hauna uhuru kama huo.

Upimaji

Sampuli humulikwa kwa leza ndani ya sumaku, kisha hupigwa kwa mawimbi ya mikrowevu. Mbinu hii hutokana na kazi ya Yevgeny Zavoisky, aliyoifanya mjini Kazan mwaka 1944.

Umuhimu

Vipimo hivi huonyesha mienendo ya molekuli isiyoonekana kwa hadubini. Lakini ni lazima hewa iondolewe kwanza. Katika kimiminika kisicho na oksijeni, hali tripleti ya C60 hudumu makumi ya mikrosekunde au zaidi. Penye hewa huisha kabla ya mikrosekunde moja. Nishati yake huhamia kwa oksijeni na kuifanya kali kiasi cha kuharibu seli hai. Ndiyo maana fulereni huchunguzwa pia kwa matibabu yanayotumia mwanga kuua seli za saratani.