Simba Huchagua Nini?
Tuseme nusu ya alama za mkanda wa GPS aliovalishwa tembo zimeangukia vichakani. Je, anapenda vichaka? Hatujui bado. Vichaka vikiwa robo ya eneo analoweza kulifikia, kavifuata. Vikiwa robo tatu, kavikwepa. Ndiyo maana modeli za uchaguzi wa makazi hulinganisha sehemu alizopita mnyama na sehemu nyingine zilizochukuliwa kwa bahati nasibu ndani ya eneo hilo, kisha hupima kinachozitofautisha: maji, miti, mwinuko, umbali wa barabara. Hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu ni kuamua mnyama angeweza kufika wapi, na naamini uamuzi huo huelekeza jibu kabla kompyuta haijaanza kazi.

Simba wa Serengeti wanalithibitisha hilo. Mwaka 2005 watafiti Grant Hopcraft, Anthony Sinclair na Craig Packer walichapisha uchambuzi wao kuhusu simba hao. Katika eneo pana, simba walihama wakifuata mawindo kadiri misimu ilivyobadilika. Walipotazamwa kwa karibu, ndani ya mita 100, wingi wa mawindo haukuwa tena kigezo: walikula zaidi penye kingo za makorongo, maficho ya miti au maji, yaani mahali ambapo windo hukamatika kwa urahisi. Majibu yote mawili ni ya kweli, tena kwa simba walewale. Mhifadhi aliyepewa la kwanza tu atahesabu nyumbu na kulisahau korongo.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba mnyama aliyebanwa na hatari hachagui, anajinusuru tu. Hoja hiyo ni nzito, lakini haiiangushi modeli. Inadai hofu nayo ipimwe. Mwaka huohuo wa 2005, mtafiti Daniel Fortin na wenzake walilinganisha kila hatua ya kulungu aina ya elk wa Yellowstone, Marekani, na hatua nyingine ambazo angeweza kuchukua kutoka palepale. Pasipo na mbwa mwitu wengi, elk walipendelea miti ya aspen; mbwa mwitu walipozidi, elk waliielekea misitu ya misonobari. Kilichobadilisha chaguo lao ni hatari. Kwa hiyo ramani ya ushoroba, yaani njia ya wanyama, inayotokana na modeli hizi lakini isiyoeleza eneo linalofikika lilichorwaje, wala mnyama alikuwa akikimbia nini, haistahili kutumiwa kumwondoa mkulima shambani kwake.