Sumaku na Mbegu za Shambani

Mvua ya masika haimngoji mtu. Mkulima wa Karatu akipanda mahindi na mbegu zisiote, siku zapita bure. Naye akipanda mara ya pili, huenda mvua ikakatika mahindi yangali machanga. Kwa hiyo si ajabu watu kutega sikio wasikiapo kwamba sumaku huharakisha mbegu kuota. Je, jambo hili ni kweli?

Kwanza na tujue ya kuwa dunia yenyewe ni sumaku, ndiyo maana sindano ya dira huelekea kaskazini. Ushahidi wake mmoja mashuhuri uko katika Bonde la Olduvai, magharibi ya kreta ya Ngorongoro. Mawe yaliyotoka katika milima ya moto, yakitiririka kama uji, yalikuwa na chembe zenye chuma. Yalipopoa, chembe hizo zilishika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati ule, na hata leo wangali nao. Mwaka 1963 wataalamu Grommé na Hay walitangaza vipimo vyao vya mawe hayo. Baadaye jina la Olduvai lilipewa kipindi cha miaka milioni 1.9 hadi 1.8 hivi iliyopita, ambapo sumaku ya dunia ilielekea kama leo, ingawa kabla yake na baada yake ilikuwa imegeuka, kaskazini kuwa kusini.

Basi kila mbegu humea ndani ya nguvu ya sumaku, lakini nguvu hiyo ni hafifu mno. Mwaka 2007 wataalamu wa Madrid, nchi ya Hispania, walieleza jinsi walivyoweka mbegu za mahindi katika sumaku za militesla 125 na 250. Hata ile ndogo yazidi sumaku ya dunia hapa kwetu zaidi ya mara 3,000. Mbegu zile ziliota mapema, na miche yake ikawa mirefu na mizito kuliko ile ya mbegu zisizowekwa.

Lakini tusikimbilie kununua sumaku. Majaribio ya namna hii hayakubaliani yote: mengine yameonyesha faida, mengine hayakuonyesha kitu. Tena mengi hufanywa ndani ya vyumba vya wataalamu, kwa siku chache tu. Mche wa siku kumi si gunia la mahindi.

Wanafunzi waweza kujaribu wenyewe. Sumaku hupatikana nyuma ya kipaza sauti cha redio iliyokufa. Twaeni mbegu 200 za mfuko mmoja, mzigawe mafungu mawili ya 100. Fungu moja liwekwe juu ya sumaku usiku kucha, la pili liwekwe mbali nayo. Kisha yafungeni yote katika vitambaa vibichi, mahali pamoja, kwa maji sawasawa. Hesabuni zilizoota kila siku kwa siku saba. Na ahesabuye asiambiwe lipi ni la sumaku, asije akapendelea. Rudieni mara tatu, maana mara moja huweza kuwa bahati tu.

Hesabu hiyo ina faida hata pasipo sumaku. Ikiwa katika mbegu 100 zimeota 60 tu, mbegu hizo ni mbovu, na hakuna sumaku ifufuayo mbegu iliyokufa. Ni afadhali kulijua jambo hilo katika kitambaa kuliko kulijua shambani, mvua imekwisha kupita.

Njia nyingine, isiyo na gharama, ni kuloweka mbegu za mahindi katika maji usiku mmoja, kuzianika kidogo zikauke juu, na kuzipanda siku ile ile katika udongo wenye unyevu. Ila mbegu zilizopakwa dawa zisilowekwe. Mkulima achague kwanza mbegu nzima, azihifadhi pakavu mbali na wadudu, azihesabu kabla ya masika. Ndipo ajaribu sumaku akipenda.