Windows mbili kwenye kompyuta moja: leseni moja inatosha?

Wenye vibanda vya kuchapa na kutoa kopi wengine hutaka kupigiwa Windows mbili kwenye kompyuta moja: ya wateja na ya hesabu za duka. Fundi husema leseni moja inatosha kwa kuwa mashine ni moja. Sivyo. Masharti ya Microsoft kwa Windows 11 yanaruhusu kuweka nakala moja tu kwa kila leseni. Ya pili inaweza kuwaka bila kudai namba, kwa sababu mashine imeshatambuliwa, lakini ruhusa hujapewa. Upande wa pili unaweza kuweka Ubuntu, ambayo ni bure kihalali. Ila kwa vibanda vingi, kabla ya kumlipa fundi agawe diski, inatosha kufungua akaunti mbili ndani ya Windows ileile, kila moja na nywila yake.