Maradhi Yauayo Wana wa Sungura

Wengi wetu hufuga sungura nyumbani, kwa kuwa hula majani, hahitaji mahali pakubwa, naye huzaa upesi. Mimba yake ni siku 30 au 31 tu. Nyama yake huwalisha watoto, na bei yake hununua sabuni na madaftari ya shule. Lakini mara nyingi mtu huhesabu wana wanane, na baada ya miezi miwili hawabaki hata watatu. Hapo maneno huanza: jirani ana kijicho, jirani ameroga. Hivyo watu hugombana bure, na adui yumo ndani ya kizimba, naye ni mdogo hata haonekani kwa macho.

Adui wa kwanza ni vijidudu viitwavyo koksidia. Mwaka 1674 Antoni van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, katika Uholanzi, alitazama nyongo ya sungura kwa hadubini yake, akaona vitu vidogo vyenye umbo la yai. Leo wataalamu husadiki ya kuwa hivyo ndivyo vijidudu hivi. Aina moja hukaa katika ini. Aina nyingine hukaa matumboni. Wana walioachishwa kunyonya ndio wanaopatwa zaidi. Mwana mgonjwa hakui, hukonda mgongo, tumbo hufura, na pengine huharisha. Ukimpasua aliyekufa kwa maradhi ya ini, utaliona ini limevimba, lina madoa meupe. Ini hilo lisiliwe. Ila maradhi haya hayamwambukizi mwanadamu.

Sasa tuangalie jinsi yanavyoenea, maana hapo ndipo ilipo dawa. Mayai ya vijidudu hutoka pamoja na mavi. Yakiwa mapya hayawezi kudhuru. Yahitaji unyevu, hewa na joto kwa muda wa siku moja hata nne, kwa kadiri ya aina yake. Kisha sungura huyala pamoja na majani yaliyotupwa chini. Basi, afagiaye kizimba kila asubuhi huyaondoa mengi kabla hayajapata nguvu. Sakafu iwe ya waya au fito, mavi yapate kuanguka chini. Majani yawekwe katika hori, si sakafuni. Na maji yasimwagike. Dawa nyingi za kuoshea haziyaui mayai hayo, bali maji yanayochemka huyaua. Wana wakianza kuugua, mwendeeni bwana mifugo upesi, awapatie dawa ya salfa au amprolio kwa kipimo, awaambie na siku za kungoja kabla ya kula nyama.

Adui wa pili ni utitiri wa masikio. Sungura hutikisa kichwa, hujikuna, na ndani ya sikio huota magamba mazito. Msiyabandue kwa nguvu, maana yatamwumiza na kumtoa damu. Tieni mafuta safi ili yalainike, kisha mwulizeni bwana mifugo habari za dawa ya ivermektini, ambayo hurudiwa baada ya siku 10 hata 14. Upele wa pua na miguu ni mwingine, nao waweza kumwambukiza mfugaji. Basi naweni mikono.

Adui wa tatu huletwa na mbwa. Tegu wa mbwa hutaga mayai, nayo huangukia majani. Sungura akiyala, hupata malengelenge ya maji tumboni. Mbwa akitupiwa matumbo mabichi ya sungura huyo, tegu humrudia. Basi matumbo yachomwe au yafukiwe chini sana, na majani yasikatwe mahali wanaponyea mbwa.

Twawasihi, akina baba na akina mama: mpeni kila mtoto wa nyumbani zamu yake ya kufagia kizimba. Kazi hii ni ya dakika chache, lakini ndiyo itakayowaponya wana wa sungura, na kuwaondolea majirani maneno mabaya.