Chungu Kinachomngoja Mama

Ufinyanzi wa Ilesi, katika eneo bunge la Shinyalu, uko zaidi mikononi mwa akina mama. Mikono hiyo hiyo hupalilia mahindi, huchota maji, hutafuta kuni na kuogesha watoto. Utafiti wa matumizi ya muda wa Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS) wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake wa Kenya hutumia takriban mara 5 ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Kwamba sanaa hupenya katika siku kama hiyo ni jambo la kustahiwa.

Udongo wenyewe husaidia. Ukishachimbwa, hutolewa mawe na mizizi, hukandwa, kisha hufunikwa usikauke. Chungu hujengwa kwa mkono, mviringo mmoja wa udongo juu ya mwingine. Kitako kikiwa bado laini hakiwezi kubeba kuta. Lazima kiachwe kikakamae kidogo. Hapo ndipo mama huinjika sufuria, humnyonyesha mtoto au hupeleka mahindi kusagwa. Akirudi, hulowesha ukingo na kuendelea pale alipoachia. Nakshi huja mwishoni: kamba iliyosokotwa huviringishwa shingoni mwa chungu kibichi, ikaacha safu za alama ndogo ndogo. Ni kazi ya muda mfupi, lakini mkono ukitikisika alama hubaki.

Kuchoma ni jambo jingine kabisa. Vyungu vilivyokauka kivulini hupangwa uwanjani, hufunikwa kwa kuni na nyasi, na moto ukishawaka haumngoji mtu. Ukipanda ghafla, vyungu hupasuka. Siku hiyo kumhimiza mama ajitahidi zaidi hakusaidii kitu. Anahitaji mtu wa kumshikia mtoto na kumchotea maji, na baba wa nyumba anaweza kuwa mtu huyo. Asipopatikana, kazi ya siku nyingi huharibika kwa saa chache.

Sanaa nyingine, Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupata muda kwa njia yake. Huchezwa harusini, matangani na mtoto anapozaliwa, mahali ambapo mama angekuwapo tu.

Ufinyanzi una kinga nyingine ya kuulindia muda wake: chungu huuzwa kando ya barabara, na pesa zake husaidia nyumbani. Mama anayeandika au kuchora bila soko hana hoja hiyo, na saa yake ndiyo huchukuliwa kwanza. Mfano ni msanii Rosemary Karuga. Yeye, aliyesomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifundisha na kulea watoto kwa miaka mingi. Kazi zilizomjulisha kwa ulimwengu zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Alizitengeneza kwa kubandika vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga.